Wino wa Bluu Kwenye Karatasi za Musoma

Chupa moja ya wino wa bluu inaweza kusifiwa asubuhi na kulaumiwa jioni na mtu yuleyule. Asubuhi ameandika barua kwenye karatasi ya fotokopi, mistari imetoka safi. Jioni amefungua daftari la mtoto, lile la bei ya chini, herufi zimeota vinywele na wino umepenya mpaka upande wa pili. Wino haujabadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni karatasi. Ndiyo maana ninapoupima wino wa kalamu ya nibu hapa Kitaji, Musoma, sianzi na uzuri wa rangi yake. Naanza na karatasi zinazouzwa madukani kwetu, halafu maji, halafu jua. Hayo matatu ndiyo yanayoamua kama maneno yatasomeka kesho, na kama yatasomeka baada ya miaka ishirini.

Ninazungumzia bluu ya kawaida, ile nyangavu inayoelekea kidogo kwenye zambarau na inayotoka kwenye nguo ikifuliwa. Parker wanayo katika Quink, Pelikan wanayo katika wino wao wa 4001, na viwanda vya China na India vinatengeneza ya kwao. Parker walipoileta Quink sokoni mwaka 1931 waliinadi kwa mambo mawili: inakauka upesi na haizibi kalamu. Ahadi hizo mbili bado ndizo kipimo kizuri cha wino wa kila siku, kwa sababu mtu anayeandika kazi yake hana haja ya wino unaometameta. Anataka kalamu iandike pale anapoigusisha karatasi, na mkono upite bila kuchafua.

Ndani ya chupa kuna maji mengi kuliko kitu kingine chochote. Katika maji hayo imeyeyushwa rangi, na kwa bluu hii mara nyingi ni rangi ya jamii ya trifenilimethani. Kuna kemikali kidogo ya kupunguza mvutano wa uso wa maji ili wino uteleze kwenye njia nyembamba za kalamu, kuna kitu cha kuchelewesha ukavu kwenye nibu, na kuna dawa ya kuzuia ukungu. Hakuna pampu inayosukuma wino huo mpaka kwenye ncha. Unavutwa na nguvu ileile inayopandisha mafuta ya taa kwenye utambi wa kibatari: njia ikiwa nyembamba, kimiminika kinaifuata chenyewe. Nibu ina mpasuko mwembamba, chini yake kuna ulimi wenye mifereji, na kila wino unapotoka hewa huingia kwa mfereji mwingine kujaza nafasi. Ncha ikigusa karatasi, nyuzi za karatasi zinakuwa njia nyembamba zaidi, na wino unahamia huko.

Na hapo ndipo pa kuangalia kwa makini. Karatasi ni nyuzi za mti zilizoshikana, na zikiachwa hivyo hivyo hunywa maji bila kikomo. Kiwandani hutiwa dawa ya kuzipunguzia kiu, zamani ulimbo wa misonobari na siku hizi kemikali nyingine, na karatasi nzuri hupakwa wanga juu. Daftari la bei ya chini limebaniwa dawa hiyo. Kwa kalamu ya biki hasara haionekani, kwa kuwa wino wa biki ni mzito wa mafuta na unakaa pale ulipobanwa na kigololi. Wino wa nibu ni maji, na maji yakikuta uzi wenye kiu yanakwenda nao kokote unakoelekea.

Andika neno "maendeleo" kwenye karatasi ya namna hiyo kwa nibu nene, kisha lisogeze karibu na jicho. Mstari wa herufi m una vinywele pembeni, vyote vikifuata nyuzi. Zile e tatu zimeziba matundu na zinakaribia kufanana na c iliyojazwa rangi. Geuza ukurasa: kila mahali kalamu ilipotulia kidogo, mwanzo wa neno na mwisho wake, pana doa upande wa pili. Ukiandika neno hilohilo kwa nibu nyembamba kabisa, vinywele havitoweki lakini matundu ya e yanabaki wazi, na ukurasa wa nyuma unatumika. Kwa mtu wa Musoma, Bunda au Butiama anayelazimika kuandikia daftari lililopo dukani, ushauri wangu wa kwanza ni nibu nyembamba kabla ya wino wa gharama. Nibu za Kichina na Kijapani zilizoandikwa "F" huwa nyembamba kuliko za Ulaya zenye alama hiyohiyo, na kwa karatasi zetu hilo ni jambo la heri.

Kaunta buku hutofautiana. Ipo yenye karatasi ngumu, laini usoni, ambayo wino hukaa juu yake na kukauka taratibu. Ipo inayokunywa sawa na daftari la shule. Jalada halisemi kitu. Namna ya kujua ni kupitisha kidole kilicholowa kidogo kwenye kona ya ukurasa wa mwisho: unyevu ukipenya papo hapo na karatasi ikawa angavu, achana nayo. Karatasi ya fotokopi ya gramu 80 kwa mita ya mraba iko katikati. Imetengenezwa kwa ajili ya mashine, lakini inauvumilia wino wa bluu, na ndiyo karatasi ninayoiamini kwa barua na kwa rasimu za makala.

Masika hubadilisha hesabu. Karatasi hunywa unyevu wa hewani, inalegea, na ile iliyokuwa inavumilia mwezi Februari inaanza kutoa vinywele mwezi Aprili. Wakati wa joto adui ni jasho. Kiganja kinachopumzika sehemu ya chini ya ukurasa huacha jasho na mafuta, na nibu ikifika pale inaruka, mstari unatoka vipandevipande, na mwandishi anaanza kuitikisa kalamu akidhani imeziba. Dawa yake ni karatasi ya pili chini ya mkono. Makarani wa zamani walifanya hivyo, nami nafanya hivyo kila ninapoandika zaidi ya nusu ukurasa.

Kwa nibu nyembamba kwenye karatasi inayokunywa, mstari unakauka karibu mara moja. Kwenye karatasi ngumu unahitaji sekunde kadhaa, na kwa nibu nene unaweza kusubiri mpaka nusu dakika. Anayeandika kwa mkono wa kushoto na kuuburuta mkono juu ya mstari atateseka na karatasi nzuri kuliko karatasi mbaya. Huyo namshauri wazi achague wino unaokauka upesi na akubali vinywele kidogo, au aweke mkono chini ya mstari badala ya juu yake.

Kuna faida moja inayonifanya nisiiache kalamu ya nibu licha ya hayo yote. Haikandamizwi. Biki inataka nguvu ili kigololi kizunguke, na mwalimu anayejaza andalio la somo kila jioni baada ya kusahihisha madaftari ya darasa zima anajua vidole vinavyouma. Nibu inalala kwenye karatasi kwa mwinamo, inateleza kwa uzito wake yenyewe, na wino wa bluu ulio mwepesi ndio unaoiwezesha. Ukijikuta unaikandamiza kalamu ya nibu, ama wino umekauka kwenye mpasuko ama umezoea biki mno. Kwa upepo wa ziwani unaovuma mchana, kukauka kwenye mpasuko si jambo geni. Kalamu zenye nibu iliyofunikwa, mfano Hero 616 ya Shanghai inayofuata umbo la Parker 51 ya mwaka 1941, humvumilia zaidi mwandishi anayefikiri huku kalamu ikiwa wazi mkononi.

Sasa maji. Pale Mwigobero, samaki wanaposhushwa na dagaa kupimwa, mikono ya kila mtu imelowa na daftari la hesabu liko palepale. Dondosha tone moja la maji juu ya mstari wa bluu ulioandikwa jana. Kwanza tone linasimama, halafu chini yake rangi inaanza kuinuka, na baada ya muda mfupi tone zima ni la bluu. Ukilifyonza kwa kitambaa, kinachobaki ni kivuli hafifu, na tarakimu iliyokuwa 8 inaweza kusomwa 3. Wino huu huyeyuka kwa maji leo na huyeyuka kwa maji baada ya mwaka. Haujishiki na nyuzi. Umekaa tu kati yake. Mstari wa biki chini ya tone hilohilo haubadiliki, kwa kuwa mafuta hayakubaliani na maji. Mtu wa dagaa, mtu wa mwalo, mtu anayebeba daftari kwenye mtumbwi au mfuko wa shati wakati wa mvua, asitumie bluu hii kwa hesabu ya fedha za watu.

Sabuni inafanya zaidi ya maji. Rangi za jamii hii hupoteza ubluu wake zikikutana na alkali, kwa kuwa muundo wa molekuli hubadilika na mwanga haunyonywi tena vilevile. Sabuni ya mche ina alkali ya kutosha, na ndiyo sababu doa la bluu kwenye shati jeupe la shule hutoka kwa kulowekwa na kufikichwa. Kwa mzazi hilo ni neema. Kwa hati ni hatari kubwa. Kalamu za kufutia wino zinazouzwa Ulaya kwa wanafunzi zinatumia kemikali ya namna hiyo: mstari unapotea, karatasi inabaki nzima, na mtu anaandika jingine juu yake. Watu wengi wameambiwa wasaini kwa bluu ili saini halisi itofautiane na nakala ya fotokopi, na ni ushauri mzuri, mradi bluu hiyo iwe ya biki au ya wino usiofutika. Hati ya kiwanja au mkataba wa mauziano uliosainiwa kwa bluu inayotoka kwa sabuni ni mlango ulioachwa wazi, na nikiona mzee wa mtaa anasaini kwa wino huo namwomba abadilishe kalamu.

Jua linafuata. Musoma iko takribani digrii moja na nusu kusini ya ikweta, na mwanga wa mchana wa wazi hufika laksi 100,000. Watunza makumbusho hujitahidi mwanga juu ya karatasi zenye maandishi usizidi laksi 50. Tofauti hiyo inaeleza kwa nini tangazo lililoandikwa kwa bluu na kubandikwa kwenye kibaraza linapauka huku shajara iliyofungwa kabatini ikibaki na rangi yake. Rangi inayoyeyuka huvunjwa na mwanga, na miale ya jua inayopita dirishani inatosha kuifanyia kazi hiyo polepole.

Hili lina uzito wa pekee mkoani Mara. Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama, aliingia Shule ya Msingi Mwisenge hapa Musoma mwaka 1934, enzi ambazo mwanafunzi alikuwa akichovya kalamu kwenye kidau cha wino. Kizazi hicho kiliandika kwa mkono maisha yote. Mwalimu alitafsiri tamthilia ya Shakespeare ya Julius Caesar ikatoka mwaka 1963, akiwa tayari Rais, na Mabepari wa Venisi ikafuata mwaka 1969. Kazi za namna hiyo hazifiki kiwandani bila rundo la karatasi zilizoandikwa, zikakatwa, zikaandikwa upya. Butiama leo ina makumbusho yake, na nyumba nyingi katika wilaya zetu zina masanduku ya barua, kumbukumbu za vikao vya ukoo, daftari za michango ya misiba. Zilizo kwa bluu ya kufulika zinataka giza, ukavu na mikono isiyolowa. Kuziweka kwenye fremu ukutani mkabala na dirisha, kwa nia njema kabisa ya kumuenzi marehemu, ni kuzipoteza. Piga picha, weka picha ukutani, na barua yenyewe ibaki kwenye bahasha.

Anayetaka nibu na pia anataka maandishi yadumu ana njia mbili. Ya kwanza ni ya kale: wino wa chuma na tanini, ile bluu-nyeusi ya maofisini. Henry Stephens wa London alianza kuuza wake mwaka 1832. Umetengenezwa kwa chumvi ya chuma na tindikali itokanayo na vivimbe vya mwaloni. Unapoandika unaona bluu, lakini hiyo ni rangi ya muda tu iliyotiwa ili macho yaone mstari. Kazi yenyewe hufanyika baadaye: chuma kinakutana na oksijeni ya hewa, kinaungana na tanini ndani ya nyuzi, na mstari unageuka mweusi usioyeyuka. Waingereza waliutumia kwenye rejista zao za vizazi, ndoa na vifo kwa sababu hiyo. Una tindikali, kwa hiyo kalamu isiachwe nao miezi bila kuoshwa. Njia ya pili ni wino wenye chembe laini za rangi ambazo haziyeyuki, zinazonasa kwenye karatasi maji yakishakauka. Unavumilia mvua na jua vizuri, ila ukikauka ndani ya kalamu kuutoa ni kazi. Kwa matumizi yangu ya hati nachagua wa chuma, kwa kuwa kwenye karatasi dhaifu za kwetu kwa kawaida hausambai sana kama bluu ya kawaida.

Kuna mahali ambapo wino wowote wa nibu haufai. Msimu wa pamba Bunda, karani wa chama cha msingi anapoandika stakabadhi yenye karatasi ya kaboni katikati, nakala ya pili na ya tatu zinategemea mkandamizo. Nibu ikikandamizwa inapanuka, inamwaga wino juu na chini hakufiki kitu. Hapo biki haina mshindani. Chumba cha mtihani nacho nakiweka upande huo. Baraza la Mitihani linaruhusu wino wa bluu au mweusi, na michoro kwa penseli, kwa hiyo sheria haikatazi nibu. Lakini mtahiniwa hachagui karatasi ya majibu, vidole vyake vina jasho, na tone moja kutoka kwenye paji la uso linaweza kuchukua jibu la hesabu.

Msafiri ana tatizo lake. Ziwa Victoria liko zaidi ya mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa kando yake ni pungufu ya lile la Dar es Salaam kwa asilimia 12 hivi au 13. Hewa iliyofungwa ndani ya kalamu iliyojazwa nusu kule pwani inatanuka ikifika huku, na ndani ya ndege inatanuka zaidi, kwa kuwa shinikizo la kabini huwa chini kuliko hata la Musoma. Hewa hiyo inasukuma wino nje. Kalamu iliyojaa kabisa ina hewa kidogo ya kutanuka. Isiyo na wino haina cha kumwaga. Safiri na mojawapo ya hizo, nibu ikiwa imeelekea juu, na hewa itatoka bila kuubeba wino. Jambo hilohilo hutokea kwa kipimo kidogo mezani: wino ukikaribia kwisha na kiganja kikawa na moto, kalamu inadondosha. Ijaze kabla haijafika hapo.

Ununuzi una mtego mmoja wa kuangaliwa. Niliingia duka la vifaa vya shule mjini nikamwamkia mwenye duka, "Shikamoo mama. Una wino wa kalamu?"

"Marahaba baba. Upo, tena wa bluu."

Chupa aliyoiweka juu ya kaunta ilikuwa ya wino wa mhuri.

"Huu ni wa mhuri, mama."

"Si wote ni wino, baba? Rangi ni hiyohiyo."

Swali lake lilikuwa la haki, na linahitaji jibu. Wino wa mhuri umetiwa gliserini au kitu cha jamii hiyo ili kitambaa cha kuchovyea mhuri kisikauke kwa wiki nyingi. Ni mzito, hautaki kukauka, na ukishaingia kwenye mifereji ya ulimi unakaa humo. Kalamu itaandika mistari michache kisha itagoma, na kuisafisha kutakugharimu maji mengi na siku za kuloweka. Wino wa printa nao usitiwe kwenye kalamu, hata kama sindano ya kuujazia inafanana na ile ya kujazia kalamu. Kwenye chupa tafuta maandishi yanayosema wazi kuwa ni wa kalamu ya nibu, na kama hayapo usinunue.

Ukishaupata, kaza kifuniko na uuweke gizani, kwa kuwa joto na mwanga huanza kuula ukiwa bado chupani. Usiongeze maji ili utoshe. Unapunguza rangi na pia unapunguza dawa ya ukungu, na kwenye hali ya hewa ya ziwani ukungu hausubiri. Kalamu ioshwe kwa maji safi baridi kila unapobadilisha wino, na hata usipobadilisha, mara moja kila baada ya wiki chache. Maji ya moto yanapindisha sehemu za plastiki. Ukiona utando juu ya wino au ukasikia harufu ya uozo, mwaga chupa yote, osha kalamu mpaka maji yatoke meupe, na usiichovye kwenye chupa mpya kabla ya hapo.